UVIMBE WA TITI SI WOTE SARATANI

Huenda mzee mmoja akauliza: mwalimu wa madrasa ana nini na khabari za matiti? Sababu ninayo.

Msimu mmoja wa kuvuna mpunga hapa Ubaruku, mama mmoja jirani yangu alikuwa akimnyonyesha mtoto wa miezi miwili. Titi lake likavimba, likawa la moto, na homa ikampanda. Wako waliosema ni jicho la hasidi, na wako waliosema ni saratani. Akakatazwa kumnyonyesha mtoto upande ule, kisha akaja bibi na majani na wembe. Alipofikishwa hospitali lilikwisha kuwa jipu. Alhamdulillahi alipona, lakini kovu la wembe analo hata leo.

Maradhi yale huanza maziwa yakizuilika ndani. Tiba yake ya kwanza ni mtoto aendelee kunyonya titi lilo hilo, kwani maziwa yake hayamdhuru. Na kitambaa cha maji baridi hutuliza maumivu. Isipopatikana nafuu kwa muda wa siku moja, yapasa kwenda kwa dakitari apate dawa ya kuua vijidudu. Likiwa jipu, usaha huvutwa kwa sindano au hupasuliwa na mwenye ujuzi wake. Katika Surat al-Baqara, aya ya 233, imetajwa miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza kunyonyesha. Basi kwa nini tumkatize mtoto kwa uvumi wa barazani?

Tena wako mabinti wanaoona kidonge cha mviringo, laini, kisichouma, kinachoteleza chini ya kidole. Waganga hukiita fibroadenoma, nacho huwapata zaidi walio baina ya miaka 15 na 35. Si saratani, na mara nyingi hakihitaji kukatwa. Wanawake wa makamo hupata vifuko vya maji, na wengi huumwa matiti kabla ya hedhi, kisha yakapoa. Hata wavulana wanaobalehe huvimba kifua; nimewahi kumkuta mmoja ameacha kuja madrasa kwa kuchekwa na wenzake, na hali ile kwa kawaida huondoka yenyewe katika mwaka mmoja au miwili.

Lakini haya yote mkono wa nyumbani hauwezi kuyapambanua. Uvimbe mgumu usiosogea, ngozi iliyobonyea, chuchu iliyoingia ndani, damu itokayo kwenye chuchu, au tezi kwapani, ni mambo ya kupelekwa hospitali upesi. Huko watapapasa, watapiga picha ya ultrasaundi, na wakiona haja watachukua kinyama kidogo kwa sindano kikapimwe. Ikidhihiri kuwa ni saratani, nayo ina matibabu, na huponyeka zaidi ikiwahiwa.

Nawaambia waume wenzangu: mke anapokwambia ana uvimbe, usimwambie angoje mpaka mpunga uuzwe. Mpe nauli ya Rujewa, na akiandikiwa kwenda Mbeya, fuatana naye. Akipatikana dakitari mwanamke, huyo ndiye atangulizwe. Asipopatikana, wa kiume atamtazama kwa kadiri ya dharura, nawe ukiwapo chumbani.