Sindano ya mgongo ni kipimo kabla ya kuwa tiba

Mfanyabiashara anayevusha marobota ya mitumba Busia au Namanga akianza kushika kiuno, hakosi mtu wa kumwelekeza duka la dawa akachomwe "sindano ya mgongo". Mara nyingi ni diklofenaki, na inachomwa takoni. Hutuliza kwa muda, lakini ikizoeleka huumiza tumbo na figo. Haina undugu na sindano ambayo madaktari bingwa hudunga kwenye uti wa mgongo, ingawa jina ni hilo hilo na ahadi pia ni ile ile: utapona.

Nyuma ya pingili za mgongo kuna viungo vidogo, kushoto na kulia, vinavyoziunganisha. Vikichakaa huweza kuuma. Shida ni kwamba picha haitoshi kuthibitisha, kwani watu wengi picha zao zinaonyesha viungo vilivyochakaa na hawaumwi chochote. Kwa hiyo daktari, akiongozwa na mashine ya eksirei, huweka dawa kidogo ya ganzi, isiyofika hata mililita moja, karibu na kila neva inayohudumia kiungo kinachoshukiwa. Mgonjwa huambiwa ainame, ajipinde, atembee. Maumivu yakitoweka kwa saa chache kisha yakarudi ganzi ikiisha, huenda chanzo kimepatikana. Yasipopungua, kitafutwe kwingine. Jibu la mara moja huweza kudanganya, hivyo madaktari wengi hurudia kipimo siku nyingine.

Kosa ni kumuuzia mtu kipimo hicho kama tiba, akamaliza mtaji wake kwa sindano za steroidi moja baada ya nyingine. Mwongozo wa NICE wa Uingereza, uliotolewa mwaka 2016, unasema sindano za uti wa mgongo zisitumike kutibu maumivu ya kiuno. Mwongozo huo huo unaruhusu kipimo cha ganzi, na kikitoa jibu zuri, neva iunguzwe kwa joto la mawimbi ya redio. Nafuu yake huweza kufika miezi 6 hadi mwaka, kisha neva huota tena. Mwenye kisukari ajue pia kwamba steroidi hupandisha sukari.

Anayekonda, mwenye homa na jasho la usiku, apimwe kwanza kifua kikuu cha uti wa mgongo. Aliyeshindwa kuzuia mkojo au kufa ganzi sehemu za siri aende hospitali siku hiyo hiyo.

Hospitali za ukanda huu nazo zina deni moja. Lori la mahindi halivuki mpaka bila hati, lakini mgonjwa aliyepimwa Kampala akifika Nairobi bila maandishi, ataanza upya na kulipa upya. Aandikiwe ni pingili zipi, upande upi, dawa gani na kiasi gani, na maumivu yalipungua kwa kiwango gani, kwa saa ngapi. Na kabla ya kulipa, aulize sindano hiyo ni ya kupima au ya kutibu.