Somo lililorekodiwa lisiishie kwa mwenye bando

SHULE na vyuo nchini Tanzania vilipofungwa Machi 2020 kutokana na ugonjwa wa corona, baadhi ya walimu walikimbilia kufundisha moja kwa moja kwa intaneti. Mtandao ulipokatika, somo nalo lilikatika.

Njia nyingine ilikuwapo tayari. Mwaka 2004, Salman Khan, mchambuzi wa masuala ya fedha nchini Marekani, alianza kumfundisha hisabati binamu yake aliyeishi mji mwingine. Mwaka 2006 akaanza kuweka YouTube video fupi zilizorekodiwa kwa programu ya kunasa skrini. Sura yake haionekani. Kuna ubao mweusi, maandishi na sauti tu. Hapo ndipo ilipozaliwa Khan Academy.

Faida yake si urahisi pekee. Programu za kubana video huhifadhi zaidi kile kinachobadilika, hivyo ubao uliotulia hutoa faili dogo kuliko video ya mwalimu anayetembea darasani. Mwanafunzi naye hurudia asipoelewa.

Hata hivyo, faili dogo bado halimfikii asiye na bando. Ndiyo maana mwaka 2012 ilitolewa KA Lite, iliyowezesha masomo hayo kutazamwa bila intaneti. Chuo chochote kinaweza kufanya hivyo kwa flashi au kadi ya simu.

Lakini rekodi haijibu swali. Mwalimu aliyeokoa muda wa kurudia mhadhara hana budi kuutumia kuwasikiliza wanafunzi. Vinginevyo, atakuwa amehifadhi sauti yake tu.