Nilitaka ringi mpya ili nisiachwe nyuma

Wengi mmezoea kwamba hapa tunaongelea mawifi, wivu na simu zinazolia saa sita usiku. Mwezi huu naomba uniruhusu niongelee magurudumu ya baiskeli. Usifunue ukurasa! Hela ya siri imo, mume yumo, na machozi kidogo yamo. Nivumilie.

Kama ujuavyo, tangu nihamie Mtwara kumfuata baba watoto, kurasa hizi nazihariri nikiwa Shangani. Huku baiskeli ni maisha. Simama asubuhi kwenye barabara ya Mikindani uone: samaki, kuni, ndoo za maji, wanafunzi wawili kwenye keria moja. Na sisi tumo. Kila Jumamosi alfajiri, mimi na mzee wangu tunapanda baiskeli mpaka Mikindani, tunakunywa kahawa, tunarudi. Kilomita ishirini na ushee kwenda na kurudi.

Baiskeli yangu niliinunua kwa mtu aliyemaliza mkataba wa kazi akarudi kwao. Ni ya barabarani, usukani umekunjwa kama pembe za kondoo, ina breki za diski, lakini imetengenezwa kwa starehe. Usukani uko juu kidogo, mgongo hauumi, na kuna nafasi ya kuweka tairi nene. Ni ya kutembelea kutwa nzima. Ya mume wangu ndiyo ya mashindano, nyepesi ile mbaya.

Sasa tatizo. Tunatoka nyumbani pamoja, lakini tukiumaliza mji tu yeye keshakuwa kidoti. Anaenda kunisubiri chini ya mbuyu. Mimi nafika nahema, maneno yamenijaa mdomoni. Yeye keshapumzika, ananiuliza, "Uko poa?" Kabla sijajibu keshapanda. Yaani yeye anapumzika kila tukikutana, mimi sipumziki hata mara moja! Miezi minane mfululizo. Saa pekee ya wiki ambayo hatuna watoto wala simu za ofisini, mimi naitumia kuangalia mgongo wa mwanaume.

Nikaamua kwamba mchawi ni magurudumu.

Kaboni ikaniingia kichwani

Wazo hilo lilianza Septemba 2025, wakati mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofanyika Kigali, mara ya kwanza kabisa kuja Afrika. Niliangalia mpaka macho yakaniuma. Wale jamaa wanapanda vilima vya Rwanda, na magurudumu yao meusi, ringi nene za kaboni, yanavuma kama feni. Nikajiambia, ningekuwa na yale, nani angeniacha?

Nilichukua mizani ya samaki nikayapima ya kwangu. Bila tairi wala diski yalikaribia kilo mbili. Za kaboni nilizozipenda ziliandikwa kilo moja na nusu, ringi zina kina cha milimita 50, bei milioni tatu na kitu. Usiku mume akilala, mimi niko na simu chini ya shuka nalinganisha picha. Shosti, kama ungenifuma ungedhani nina mtu.

Hela ilikuwepo. Ilikuwa ya kikoba, na mume wangu aliijua. Tulikubaliana itanunua mabati ya nyumba yetu inayosubiri paa kule Ufukoni. Nilikuwa nimebakiza kubonyeza tu.

Swali la fundi

Kabla ya kubonyeza nikaipeleka baiskeli kwa fundi wa mtaani isafishwe, ili ringi mpya zikute mwili msafi. Ni mzee mmoja anayekaa chini ya mwarobaini, amezungukwa na Phoenix na Raleigh za zamani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Leo umeniletea ndege?"

Nikamwonyesha picha ya ringi kwenye simu. Akavaa miwani, akahesabu spoku kwa kidole. Nyuma 24 tu. Akanionyesha Raleigh iliyokuwa imepinduliwa pembeni: mbele 32, nyuma 40.

"Hii inabeba gunia la korosho," akasema. "Moja ikikatika, wenzake wanashika kazi, mtu anafika kwake. Hiyo yako ikikatika moja, hapa Mtwara ya kuweka utaitoa wapi?"

Sikuwa na jibu. Akainua baiskeli yangu, akalizungusha gurudumu la nyuma. Likazunguka kidogo, likasimama.

"Linakamatwa," akasema.

Pedi ya breki ilikuwa inaigusa diski muda wote. Habu nayo ilikuwa imekauka grisi na kuingiwa chumvi ya bahari. Miezi yote ile nilikuwa nakimbizana na mume huku nimefunga breki! Kijana wake alilegeza skrubu mbili, akaminya breki, akazikaza tena hapo hapo. Habu ikafunguliwa, gololi zikaoshwa, ikawekwa grisi mpya. Nililipa hela ya chipsi na soda.

Mzee akaniuliza kwa nini nahangaika na ringi. Sijui kwa nini nilimwambia ukweli, labda kwa sababu anafanana na mjomba wangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza taratibu, "Kwani baiskeli ya bwana haina breki?"

Waliokuwa wanasubiri pancha zao wakacheka. Na mimi nikacheka. Njiani kurudi sikucheka tena.

Kabla hujatoa hela

Ya mume nitakuja kuyamalizia. Kwanza nikupe nilichojifunza, maana tangu siku hiyo nilisoma kama nina mtihani. Kama una baiskeli kama yangu na unafikiria magurudumu mapya, kata ukurasa huu uweke.

*Zungusha kwanza ulichonacho.* Inua baiskeli, sukuma gurudumu kwa mkono. Likisimama upesi au likilia, tengeneza hilo kabla ya kununua chochote.

*Uzito usikutie wazimu.* Mimi na baiskeli yangu pamoja tunafika kilo 80 (usiniulize mgawanyo). Nusu kilo niliyotaka kuipunguza kwa milioni tatu haifiki hata asilimia moja ya mzigo huo. Kwa anayeshindana kupanda milima ina maana yake. Kwa anayekwenda kunywa kahawa Mikindani, hapana.

*Tairi kabla ya ringi.* Hili ndilo lililonishangaza. Nilikuwa natumia tairi za milimita 25, nazijaza upepo mpaka 95. Barabara ikiwa na kokoto, tairi ngumu namna hiyo inarukaruka, na nguvu yako inaishia kukutikisa wewe badala ya kukusogeza mbele. Hata wanaoshindana Ulaya wameacha zile nyembamba za 23 walizozitumia miaka mingi, wengi sasa wako 28 na zaidi. Mimi nimeweka 32, najaza kama 55. Mikono haifi ganzi tena. Angalia tu kama fremu inaziruhusu: tairi isikose milimita kama nne za nafasi kila upande.

*Upana wa ndani wa ringi.* Ringi nyembamba inaibana tairi nene mpaka inakuwa kama puto, ikikata kona inayumba. Kwa tairi za 28 mpaka 35, tafuta ringi yenye milimita 21 mpaka 23 kwa ndani. Na chukua yenye kingo zilizokunjwa kushika tairi. Kuna za kisasa zisizo na mkunjo huo. Hizo zinataka tairi maalumu na upepo usiozidi 72 hivi, na huku kwetu pampu nyingi hata kipimo hazina.

*Usidanganyike na namba 28.* Tairi ya Phoenix inaitwa 28, na ya baiskeli kama yangu nayo watu wanaiita 28, lakini haziingiliani. Soma namba ndogo ubavuni: ya kwangu ina 622, ile ya zamani ina 635. Tofauti ni milimita 13, na inatosha kukurudisha dukani unalia.

*Kina cha ringi na upepo wetu.* Ringi ndefu zinakata upepo vizuri ukiwa kasi. Lakini wewe wa pwani unalijua kusi. Linapokupiga ubavuni kwenye sehemu ya wazi, ringi ya milimita 50 inakuwa tanga, na usukani unakwenda linakotaka lenyewe. Kwa starehe, 25 mpaka 35 inatosha.

*Chumvi.* Spoku ziwe za chuma kisichoshika kutu, na vile vichwa vidogo vinavyozibana kwenye ringi viwe vya shaba. Vya alumini ni vyepesi, ila kwenye hewa ya bahari vinaliwa, na vikikutana na kaboni vinaliwa upesi zaidi. Ukitoka ufukweni, suuza kwa maji baridi, ukaushe. Na wingi wa spoku usiuonee aibu. Mimi nimechukua 28 mbele na 32 nyuma.

*Habu iwe inalingana.* Kabla ya kulipa, andika pembeni: ekseli yako ni nene kiasi gani na ina urefu gani, diski inafungwa kwa skrubu sita au kwa pete moja ya katikati, na giya za nyuma ni za kampuni gani na ziko ngapi. Kimoja kisipolingana, gurudumu zuri litakuwa pambo la ukutani.

*Tyubu au bila tyubu?* Ringi nyingi za sasa zinakubali tairi isiyo na tyubu, ndani unaweka maji mazito yanayoziba tundu la mwiba yenyewe. Ni bomba, ila kwa joto hili hayo maji yanakauka baada ya miezi michache na lazima uongeze. Kama huna uhakika wa kuyapata, baki na tyubu. Mimi nimechukua ringi inayokubali vyote, na kwa sasa natumia tyubu.

Kaboni sijaitukana. Ni nzuri, na mwenye uwezo na barabara yake ainunue. Ila mimi nilitaka inifanyie kazi isiyo yake.

Nikamwambia

Usiku ule, watoto walipolala, nikamwambia mume wangu yote. Ringi, milioni tatu, na kwamba hela ya mabati ilibakiza kidole kimoja tu iondoke. Akanyamaza muda mrefu. Mume wangu si mtu wa kufoka, na siku hiyo nilitamani afoke.

"Paa, mama," akasema mwishowe. "Ungeniambia nini mvua zikianza?"

Nikaanza kulia, na kwenye kulia ndiyo nikasema lile lenyewe. Kwamba kila Jumamosi ananiacha. Kwamba nimechoka kuongea na mgongo.

"Mbona hujawahi kusema nikusubiri?"

"Nimesema!"

"Lini?"

Msomaji wangu, nilitafuta hiyo siku, sikuipata. Nilikuwa nimelalamikia kilima, upepo, joto na ringi. Neno "nisubiri" sikuwahi kulitoa. Nilitaka alisikie bila mimi kulisema.

Na yeye akatoa la kwake. Akasema wiki nzima watu wanamwita: kazini wanamwita, ndugu wanamwita, watoto wanamwita. Zile dakika thelathini za kwenda Mikindani ndizo pekee ambazo hakuna anayemwita. Lilinichoma, nakiri. Lakini alisema kweli, na mimi nilikuwa nimeuomba ukweli.

Tukakubaliana hivi: kwenda, kila mtu na mwendo wake. Yeye apae, atangulie kuagiza kahawa, na asinyanyuke mpaka nimalize kikombe changu. Kurudi, tunarudi sambamba. Hela ya kikoba haiguswi.

Magurudumu nilinunua, ila ya alumini, yaliyosukwa kwa mkono na fundi mmoja wa Dar, yakaja kwa basi ndani ya boksi. Pamoja na tairi yalikula kama theluthi ya ile bajeti ya kaboni, nikayalipa kwa mshahara wangu wa miezi miwili. Mzee wa mwarobaini aliyagonga spoku moja moja kwa ukucha, akisikiliza. "Haya," akasema, "haya hata mimi nayaweza."

Jumamosi iliyopita tuliyapeleka Msimbati, mbali zaidi ya tulivyozoea. Mchanga ulipokuwa mwingi, zile tairi nyembamba za mume wangu zikazama, akashuka akawa anasukuma. Mimi na 32 zangu nikapita taratibu, sikuanguka. Nikafika kwenye kivuli, nikashuka, nikamsubiri.

Alipofika anahema, nikamuuliza, "Uko poa?"

Kisha nikakaa chini mpaka akapumzika.

Wewe je, mpenzi msomaji? Kuna kitu cha bei mbaya unakitamani mwezi huu? Hebu jiulize kwanza kama hakuna neno moja dogo ambalo hujamwambia mtu. Tukutane mwezi ujao, Mungu akitujalia.