Moto Huua Vijidudu, Hauondoi Floraidi

Juma hili twazungumza juu ya maji ya kisima, hasa na ninyi mlioko Singida na sehemu nyingine za uwanda wa kati ambako watoto wengi huota meno yenye madoa ya kahawia. Mama huchemsha maji kila siku kama alivyofundishwa, na bado meno hutoka na madoa. Majirani husema ni meno ya ukoo. Mara nyingi sivyo. Sababu imo majini, nayo huitwa floraidi. Ili tufahamu kwa nini moto hauiwezi, yatupasa kujua kwanza jinsi chembe za vitu zinavyotulia.

Vitu vyote, jiwe, maji, hata mwili wako, vimefanywa kwa chembe ndogo mno ziitwazo atomu. Kila atomu ina kiini, na kukizunguka kiini hicho zimo elektroni, zimepangwa tabaka kwa tabaka. Fikiri safu za bao, ambazo kila moja ina mashimo 8. Tabaka la kwanza la atomu lina nafasi 2 tu, la pili lina 8, na la tatu, kwa chembe tutakazozitaja hapa, hutulia likipata 8. Atomu yenye tabaka la nje lililotimia haina haja na mwenziwe. Ndivyo ilivyo neoni, yenye elektroni 2 na 8. Mambo haya yalielezwa mwaka 1916 na Walter Kossel wa Ujerumani na Gilbert Lewis wa Marekani, kila mtu kwa njia yake.

Sasa tazama chumvi. Sodiamu ina elektroni 2, 8 na 1. Ile 1 ya nje ikiondoka, safu ya 8 ndiyo inakuwa ya nje, nayo imetimia. Klorini ina 2, 8 na 7; yapungukiwa 1. Sodiamu peke yake ikitiwa majini hushika moto. Klorini peke yake ni hewa ya sumu, iliyoua askari huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Lakini zikikutana, mmoja hutoa na mwingine hupokea, zote mbili hutulia, nasi twapata chumvi ya kutia mbogani!

Florini ni ndugu wa klorini. Ina elektroni 2 na 7, na uchu wake wa kupata ile moja wapita wa chembe zote. Ikiisha kuipata huitwa floraidi. Maji ya chini ya ardhi yapitapo katika miamba fulani huiyeyusha na kuja nayo kisimani. Haina rangi, harufu, wala ladha.

Basi, kwa nini moto hauifai? Vijidudu ni viumbe hai, na moto huviua. Floraidi haina uhai wa kuuawa, nayo imekwisha kutulia. Maji yakichemka, mvuke waondoka, floraidi yabaki sufuriani. Ukichemsha mno, maji hupungua na floraidi huzidi kuwa nzito.

Lakini kutulia si kukosa nguvu. Floraidi, kwa kuwa imepokea elektroni, huvutwa na chembe zilizotoa zao. Mojawapo ni kalsiamu, ambayo hutoa 2, nayo ndiyo inayojenga meno na mifupa. Floraidi kidogo huimarisha meno. Ikizidi wakati meno ya mtoto yangali yakijengwa ndani ya ufizi, huyaharibu; na kwa miaka mingi huweza kukaza viungo na kupinda miguu. Shirika la Afya Duniani lashauri isipite miligramu 1.5 katika lita moja. Tanzania, kwa shida ya maji, iliruhusu hadi 4 kwa miaka mingi.

Tufanye nini? Kwanza, kijiji kiombe RUWASA ipime kisima, maana ulimi hauwezi kupima. Pili, kinga maji ya mvua katika chombo safi, uyaweke kwa kunywa na kupikia watoto wadogo. Mvua hutokana na mvuke, na mvuke, kama tulivyoona, huiacha floraidi nyuma. Tatu, punguza magadi katika maharage, kwani magadi mengine yana floraidi nyingi; yaloweke usiku kucha. Nne, mnyonyeshe mtoto mchanga, maana maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana.

Iko pia njia ya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, iliyoshughulikiwa katika kituo cha Ngurdoto, Arusha. Kalsiamu ya mfupa huo hunasa floraidi kabla haijafika katika mfupa wa mtoto. Lakini mkaa huo huchomwa kwa tanuri na kipimo, na hubadilishwa ukichoka. Usijaribu kwa kutupa mifupa iliyoungua mtungini.

Wala usiache kuchemsha, mama. Kipindupindu na homa ya matumbo vingalipo. Nawe kijana mwenye madoa, usifunike kinywa ukicheka. Si uchafu, wala si laana. Ila mdogo wako anayenyonya leo, meno yake ya ukubwani bado hayajatoka. Huyo twaweza kumkinga.