Eti Mpaka Aamue Mwenyewe

Mtaani, hukumu ya teja haina rufaa: mwacheni, siku akichoka ataacha mwenyewe. Shangazi anasema hivyo, mjumbe wa mtaa anasema hivyo, na muuguzi wa zamu ya usiku, akishamaliza kumfunga bandeji, naye anasema hivyo. Methali iko tayari: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Basi kijana anaachiwa ulimwengu, na familia inakaa kusubiri siku ya uamuzi kana kwamba imeshaandikwa kwenye kalenda.

Imani hii inavutia. Inasikika kama busara ya wazee, ina ukali wa mzazi, inadai kuheshimu hiari ya mtu, na juu ya yote haigharimu hata senti. Ubaya wake ni mmoja tu: si kweli. Na ushahidi kwamba si kweli umepatikana mahali ambapo wengi hawakutarajia, yaani kwenye idara za dharura za hospitali.

Marekani ndiko imani hii ilikopimwa kwa damu. Mwaka 2022 nchi hiyo ilizika watu zaidi ya 100,000 waliokufa kwa kuzidisha dawa, wengi wao kwa fentanili, dawa kali ya jamii ya afyuni. Maelfu kwa maelfu ya wenzao hufikishwa hospitalini wakiwa bado na pumzi. Mgonjwa analetwa midomo imebadilika rangi, mboni za macho zimesinyaa kama ncha ya sindano, anavuta pumzi moja moja kwa mbali. Anapewa naloksoni, dawa inayozima nguvu ya afyuni, na baada ya dakika chache anafumbua macho, mara nyingi kwa hasira, kwa sababu dawa iliyomwamsha imemtupa papo hapo kwenye arosto, yaani mateso ya mwili uliokosa dawa uliyoizoea. Anaangaliwa saa kadhaa. Kisha, kwa miaka mingi, utaratibu ulikuwa kumpa karatasi yenye namba za simu za vituo vya tiba na kumfungulia mlango. Roho imeokolewa. Uraibu ni wake yeye na Mola wake.

Jimbo la Massachusetts lilifuatilia walikoishia watu hao. Watafiti walichukua kumbukumbu za wagonjwa 11,557 waliotibiwa kwenye idara za dharura kwa kuzidisha dawa za jamii ya afyuni kati ya 2011 na 2015, wakaruhusiwa kurudi nyumbani. Ndani ya mwaka mmoja 635 walikuwa wamekufa. Kati yao, 130 walikufa kabla ya mwezi kwisha, na 29 hawakumaliza hata siku mbili tangu watoke hospitalini. Hao 29 ndio waliokuwa wakisubiriwa waamue.

Mgonjwa wa namna hiyo, ambaye uwezekano wake wa kufa ndani ya mwaka ni zaidi ya mmoja kwa ishirini, angekuwa na ugonjwa mwingine wowote asingeruhusiwa kuondoka na kikaratasi. Angelazwa. Daktari bingwa angeitwa, hata kama ni Jumapili.

Sasa, mbadala wake ni upi? Mwaka 2015 timu ya Chuo Kikuu cha Yale, ikiongozwa na Dkt. Gail D'Onofrio, ilichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika katika hospitali moja ya mjini New Haven. Waraibu 329 waligawanywa kwa kura katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilipewa orodha ya vituo vya tiba. La pili lilipewa mazungumzo mafupi ya kutia moyo na kuunganishwa na kituo. La tatu lilipewa mazungumzo hayo hayo pamoja na buprenofini, dawa inayotuliza arosto, ikianzishwa pale pale kwenye idara ya dharura, na miadi ya karibu ya kuendelea nayo. Baada ya siku 30 waliokuwa kwenye tiba ni asilimia 37 ya kundi la kwanza, asilimia 45 ya la pili, na asilimia 78 ya la tatu.

Lakini namba inayoivunja imani ya mtaani mgongo haimo katika hizo tatu. Imo katika namna wagonjwa walivyopatikana. Karibu theluthi moja tu ndio waliokwenda hospitalini kuomba kutibiwa uraibu. Waliobaki walikwenda kwa maumivu, majeraha na mambo mengine, wakagunduliwa kwa kuulizwa maswali. Kwa kipimo cha shangazi na mjumbe, wengi wa watu hao walikuwa hawajaamua. Hata hivyo, walipopewa dawa mkononi badala ya ushauri peke yake, karibu wanne kati ya kila watano walikuwa bado wako kwenye tiba mwezi mmoja baadaye.

Kwa nini? Jibu liko mwilini. Mtu aliyezoea heroini anapokosa kete yake kwa saa kadhaa hapitiwi na tamaa tu kama mtu aliyenyimwa soda. Daktari anayetaka kujua arosto imefika wapi ana fomu yenye dalili kumi na moja za kukagua: mapigo ya moyo, jasho, kutotulia, ukubwa wa mboni za macho, maumivu ya mifupa na viungo, makamasi na machozi, kichefuchefu na kuhara, mikono kutetemeka, kupiga miayo, wasiwasi, na vinyweleo kusimama kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Kila dalili ina alama zake. Alama zikifika kiwango kilichowekwa, mgonjwa anawekewa buprenofini chini ya ulimi na kuambiwa asimeze. Ndani ya saa moja hivi miayo inapungua, jasho linakauka, na mtu aliyekuwa akijikunja kitandani anaanza kujibu maswali kwa sentensi kamili.

Hapo ndipo uamuzi unapowezekana. Mtu mwenye dalili hizo kumi na moja ana uamuzi mmoja tu kichwani: kuzimaliza. Kumdai aamue kuhusu maisha yake yote katika hali hiyo, halafu kumlaumu kwa kutoamua, ni ukatili unaojiita busara.

Hospitali za pwani ya Afrika Mashariki zinalijua jambo hili kwa jina jingine: kutoroka. Teja analetwa na jipu lililooza mkononi pale alipozoea kujidunga, au na majeraha ya kipigo cha wananchi wenye hasira kali. Anashonwa, anawekewa dripu, anapangiwa kitanda. Usiku arosto inaanza. Asubuhi kitanda kitupu, dripu inaning'inia, na kwenye faili kunaandikwa kuwa mgonjwa ametoroka wodini. Wauguzi wanatikisa vichwa: si tulisema, watu hawa hawataki kusaidiwa. Hakuna anayeandika kwamba mgonjwa alitibiwa jipu na kuachwa na arosto, kisha akaifuata dawa ya arosto huko inakopatikana.

Wapinzani wa hoja hii wana majibu, na baadhi yanastahili kusikilizwa.

Lisilostahili sana ndilo linalosikika zaidi: kwamba kumtibu mraibu kwa methadoni au buprenofini ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Heroini hupanda na kushuka ndani ya saa chache, ndiyo maana mtumiaji hushinda akiitafuta mara tatu na nne kwa siku. Methadoni hunywewa mara moja kwa siku, na aliyepata kipimo chake sahihi hapati stimu wala arosto. Anaweza kuendesha bajaji, kulea mtoto, kulala usiku. Buprenofini ina kinga ya ziada: ikifika kiwango fulani, kuongeza dozi hakuongezi tena kwa kiasi kikubwa nguvu yake ya kudidimiza upumuaji. Shirika la Afya Duniani liliziingiza zote mbili kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Massachusetts hiyo hiyo iliwafuatilia watu zaidi ya 17,000 walionusurika kuzidisha dawa kati ya 2012 na 2014: waliopata methadoni walikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 59 vitokanavyo na dawa hizo, na waliopata buprenofini pungufu kwa asilimia 38, wakilinganishwa na wasiopata. Waliopata dawa yoyote kati ya zinazotumika kutibu uraibu huo ndani ya mwaka walikuwa takribani watatu tu kati ya kumi.

La pili lina uzito zaidi. Buprenofini ikitolewa mapema mno, kabla heroini au fentanili haijapungua mwilini, inaweza kumtumbukiza mgonjwa kwenye arosto kali ya ghafla. Ni kweli, na madaktari wengi waliiogopa. Lakini matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023, kutoka hospitali nyingi za Marekani katika zama hizi za fentanili, yalionyesha kuwa hilo liliwapata wagonjwa 9 kati ya 1,200, chini ya mmoja kwa kila mia.

La tatu ndilo gumu. Timu ya Yale ilipowafuatilia wagonjwa wake kwa muda mrefu zaidi, tofauti kati ya makundi ilikuwa bado ipo baada ya miezi miwili, lakini baada ya miezi sita na mwaka haikuonekana tena. Wenye shaka hushangilia hapo: si mnaona, wamerudi walikotoka. Wanasahau kusoma mstari unaofuata. Buprenofini ya mpango ule ilitolewa kwa wiki kumi; baada ya hapo wagonjwa walihamishiwa kwenye huduma nyingine au kuelekezwa kwingine. Ugonjwa wa kudumu uliopewa dawa ya wiki kumi haukupona. Aibu ya matokeo hayo ni ya wanaopanga huduma, wala si ya teja aliyekuwa akifika kliniki kwa wiki kumi mfululizo.

Tena Marekani yenyewe ilichelewa kwa kujitakia. Kwa sheria ya mwaka 2000, daktari wa kawaida aliweza kuandika cheti cha oksikodoni, dawa iliyowaingiza watu wengi kwenye uraibu, kwa leseni yake ya kila siku, lakini alihitaji kibali maalumu kuandika buprenofini inayowatoa huko. Kibali hicho kilifutwa Desemba 2022. Massachusetts ilikuwa imeshatangulia: sheria yake ya 2018 inazitaka hospitali zenye idara za dharura ziwe na uwezo wa kumwanzishia tiba aliyezidisha dawa kabla hajaruhusiwa. Ufaransa ilishtuka mapema zaidi. Katikati ya miaka ya 1990 iliwaruhusu madaktari wa kawaida kuandika buprenofini, na kufikia 1999 vifo vya kuzidisha dawa vilikuwa vimeshuka kwa karibu asilimia 80.

Tanzania haiko mbali kama inavyodhaniwa, na hapo ndipo penye kuudhi. Januari 2010 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua idara kamili ya tiba ya dharura, ya kwanza ya umma nchini. Februari 2011, hospitali hiyo hiyo ikafungua kliniki ya methadoni iliyokuja kuwa mfano kwa nchi jirani. Mwananyamala na Temeke zikafuata, kisha mikoa mingine, na leo mpango huo umehudumia watu zaidi ya 10,000. Kenya ilianza na hospitali ya Mathari mwishoni mwa 2014, ikaendelea hadi Malindi na Mombasa. Foleni za asubuhi kwenye madirisha ya methadoni, kila mtu akinywa kikombe chake mbele ya mhudumu, ni jibu la kutosha kwa anayesema mateja hawataki tiba. Mtu asiyetaka hapandi daladala kila siku, Jumapili na sikukuu, kufuata dawa isiyompa stimu.

Lakini njia ya kulifikia dirisha hilo imejengwa mitaani zaidi kuliko kwenye mapokezi ya dharura. Waliosajiliwa miaka ya mwanzo waliletwa na asasi zinazowafuata mateja maskani, na walipitia vikao vya matayarisho kwanza. Asasi hizo zimefanya kazi ya kusifiwa. Ila vikao vya matayarisho navyo vina harufu ya imani ile ile: mtu athibitishe kwanza kuwa yuko tayari. Aliyeletwa na jipu saa nane za usiku hana kikao cha kuhudhuria.

Familia nazo, zenye uwezo kidogo, hukimbilia soba hausi, nyumba za kuwatenga waraibu na unga. Ziko nzuri, na zimewarudishia wengi heshima. Lakini mtu akikaa miezi kadhaa bila unga na bila dawa, mwili wake hupoteza uzoefu. Akirudi maskani na kupiga kipimo chake cha zamani, kinaweza kumuua. Hatari hiyo imeonekana kwa wafungwa wanaoachiwa pia. Katika jimbo la Washington, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 ulikuta kwamba katika wiki mbili za kwanza nje ya gereza, hatari yao ya kufa kwa kuzidisha dawa ilikuwa mara 129 ya ile ya wakazi wengine. Kumtenga mtu na unga bila kumpa tiba si hatua isiyo na madhara.

Oktoba 2021 serikali ya Tanzania ilizindua matumizi ya shilingi trilioni 1.3 za mkopo wa UVIKO-19, na sehemu yake ikajenga majengo ya huduma za dharura katika hospitali za mikoa na wilaya. Vitanda vipo na oksijeni ipo. Kinachokosekana ni amri ya kiutawala na ujasiri wa kitabibu. Wizara ya Afya na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya zianze na hospitali zenye kliniki ya methadoni. Kila anayeletwa dharura aulizwe kuhusu unga bila kutukanwa. Mwenye arosto aanzishiwe dawa chini ya uangalizi usiku ule ule, na asubuhi asindikizwe kwa miguu hadi kliniki, jina lake likiwa limeshatangulia. Kliniki ikimpokea, isimpe wiki kumi.

Na faili la mgonjwa lisiandikwe tena kwamba ametoroka, bila kuandikwa pia alikuwa amepewa nini kwa ajili ya arosto.