Kompyuta inayopata moto isiwekewe barafu

Baadhi ya wafanyabiashara wa dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba jijini Mwanza, wameshahamisha daftari la madeni kwenye kompyuta mpakato. Ikipata moto na kuzimika wakati magunia yako kwenye mizani, hesabu ambayo haijahifadhiwa inapotea, na mwenye lori hasubiri.

Kuweka barafu au kitambaa kibichi chini yake ni kununua hasara. Hewa ya kando ya ziwa ina unyevu mwingi, nao hugeuka matone kwenye chuma baridi, ndani ya kitu chenye umeme.

Ugonjwa kwa kawaida ni vumbi. Feni huvuta vumbi la magunia, na msimu wa wadudu wa ziwani huwavuta na wao, mpaka njia ya hewa inaziba. Prosesa nyingi zikikaribia nyuzi joto 100 hujipunguzia kasi, ndiyo maana mashine "inakuwa nzito" kwanza. Anayekimbilia kununua stendi yenye feni kabla ya kusafisha anatupa fedha. Fundi apige brashi, abadili na grisi iliyokauka juu ya prosesa.

Hapo ndipo ubunifu unalipa. Feni ya volti 12 kutoka kompyuta mbovu ya mezani, ikifungwa kwenye ubao uliotobolewa, hutumia betri ya sola ya volti 12 moja kwa moja, waya ukiwa na fyuzi. Kwenye tundu la USB, lenye volti 5, itazunguka kivivu au isizunguke kabisa. Ipulize kuelekea matundu yanayovuta hewa, wengi huigeuza. Nayo madeni yanakiliwe kwenye flashi kila jioni.