Kutotambua Talaka Si Ruhusa ya Kudhulumu



Wapendwa katika Kristo, wiki hii mwanamume mmoja alifika ofisini kwangu na hoja aliyoiona haina jibu: "Baba Paroko, Kanisa halitambui talaka. Iweje basi mwanamke huyu aende mahakamani kudai sehemu ya nyumba yangu?" Nilimwuliza ni nani aliyewapikia mafundi wakati nyumba hiyo ikijengwa. Akanyamaza.

Hoja hiyo nimeisikia mara nyingi mno, hata kwa wazee wa Jumuiya wanaopaswa kusuluhisha, nami naikataa hadharani. Ni kweli kwamba hakimu hawezi kuvunja kifungo cha ndoa ya Sakramenti. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2383, inafundisha kwamba talaka ya kiserikali ikiwa ndiyo njia pekee ya kulinda haki fulani za kisheria, malezi ya watoto au mali ya urithi, yaweza kuvumiliwa, wala si kosa la kimaadili. Anayelitaja Kanisa ili amfukuze mkewe na sanduku la nguo ameshika nusu ya mafundisho na kuificha nusu ya pili. (Ajabu ni kwamba wengine hawakukumbuka kutovunjika kwa ndoa walipomleta mwanamke mwingine ndani.)

Tena, Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 114, haingoji talaka. Hata mahakama inapoamuru wanandoa watengane tu, jambo ambalo Kanisa nalo huliruhusu kwa sababu nzito, yaweza kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, ikizingatia mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi. Kazi! Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango. Mume anayesema "huyu alikaa tu nyumbani" amechelewa kwa zaidi ya miaka 40.

Sisemi kila mke apewe nusu. Sheria haisemi hivyo; yako madeni, yako mahitaji ya watoto wadogo, na wako wake waliochuma peke yao huku waume wakinywa. Lakini kipimo hicho hakiwekwi na kikao cha ukoo walichokaa kaka za mume peke yao, wala jina lililo kwenye hati ya kiwanja halimalizi shauri. Kifungu cha 60 huchukulia kwamba mali ni ya aliyeandikwa, hadi ushahidi uoneshe vinginevyo. Akina mama, tunzeni stakabadhi za saruji na mabati.

Yule bwana nimemwambia arudi Jumanne pamoja na mkewe, wakiwa wameorodhesha yote waliyochuma tangu siku ya Arusi. Mlangoni aligeuka akauliza kama ng'ombe nao waandikwe. Nikamjibu: nao, na ndama wao.